Mia na Ishirini Juu ya Themanini

Baba Maimuna,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kusema sisi ni wazima na hofu ni kwake yeye aliye mbali. Leo mambo yamegeuka. Hofu yote iko huku kwangu, na wewe uliye mbali huna tena la kuhofia. Basi salamu nimezifupisha. Mola akulaze pema, na mimi anipe subira, maana unajua sikuumbwa nayo.

Eda yangu imeingia mwezi wa nne. Tangu siku walipokutoa humu ndani sikuwa nimevuka kizingiti, mpaka jana, na ya jana nitakueleza. Wanja sijui uliko. Udi nausikia kwa majirani. Kaburi lako sijaliona. Wanaume walirudi wakaniambia liko karibu na ukuta, upande wa mwarobaini, nami nikaitikia kama mtu anayeelekezwa dukani. Ungekuwepo ungenicheka: "Wewe na kukaa ndani! Nani kakufunga miguu?" Ndiyo, cheka. Mimi niliyekuwa siwezi kumaliza siku bila kwenda kumwona fulani nikitoka kwa fulani, sasa nakaa kitandani mchana kutwa natazama mabati ya nyumba hii. Chumba ni kile kile, ila siku hizi ukitoa neno linakaa hapo hapo, hakuna wa kulibishia. Wewe ulikuwa mbishi, Mungu akusamehe. Sikujua kwamba nitaukosa ubishi kuliko nilivyoukosa mkono wako.

Anayenisaidia ni Mama Kadzo wa mlango wa pili. Anatuletea samaki akitoka sokoni, anampeleka Maimuna shule pamoja na wanawe, na jioni anakaa hapo mlangoni kunipa habari za mtaa wetu mzima wa Bofu, za kweli na zilizotiwa chumvi. Yeye ni wa kanisani na eda si desturi yake, lakini amejifunza masharti yake kuliko shangazi zako. Mwanamume akikaribia mlango, yeye ndiye anayesimama kwanza.

Maimuna yuko gredi ya nne, na ni mzima. Wageni wakisema "marehemu", yeye anawasahihisha, "Baba." Hasemi kwa kulia. Anasema kama mwalimu.

Wenzako wa yadi ya makontena walikuja kwenye arobaini yako, wote, wamevaa kanzu, hata wale ambao kanzu si nguo yao. Walikaa barazani wakisema Daktari hivi, Daktari vile. Bibi mmoja wa huko kwenu akaniuliza pembeni kama kweli ulikuwa daktari ukatuficha. Nilicheka, kisha nikalia, wanawake wakanishika mabega.

Utakumbuka lilikotoka jina hilo. Nilipoanza chuo cha uuguzi nina miaka thelathini na moja, na mtoto wa shule, watu walisema umri umenipita. Wewe ukasema kuna mzee Mtongwe aliyeoa mke wa tatu akiwa na miaka sabini na hakuna aliyemwambia umri umempita. Ukarudi kazini Changamwe, ukawa unafanya vibarua viwili ili mimi nisome. Ulikuwa unarudi umevuka feri, umechoka, unaoga, unakula muhogo wako wa nazi na chumvi juu ya chumvi, halafu unasema, "Haya, lete karatasi zako." Wewe uliyeishia kidato cha pili, ukanishikia majina ya mifupa ya mwanadamu kwa Kiingereza, ukayatamka unavyotaka mwenyewe. Mimi nikawa nasahau, wewe ndiye ukawa unakumbuka. Ukaenda ukayauza yadini. Mtu akibanwa kidole na mnyororo, unamtajia mfupa ulioumia. Ndipo wakakuita Daktari.

Na simu iliyokuja siku ile haikusema Juma. Ilisema, "Shemeji, Daktari ameanguka." Kwa kitambo kidogo nilidhani wanamzungumzia daktari kweli. Nikajiuliza inanihusu nini.

Sasa nije kwa mama yako.

Mama alikuja siku hiyo hiyo na hakuondoka. Amelala na Maimuna kwenye mkeka chumba cha mbele miezi yote hii. Amenipikia uji, amenikanda mgongo, amewafukuza wageni waliokuja kukaa sana. Sijawahi kuwa na mavyaa mwingine, lakini nikisikia wenzangu wanavyowasimulia wa kwao, nashukuru. Lakini kila siku, Juma, kila siku baada ya swala ya alasiri, akikunja msala wake anasema maneno yale yale. "Ulimi wangu huu. Ulimi wangu huu umeniulia mwana."

Wewe unajua kwa nini. Ile asubuhi alikupigia simu ukiwa kwenye feri. Lile bati la jikoni kwake Mtongwe lilikuwa limefunguka, nawe umeahidi Ijumaa tatu kwenda kulipigilia, na Ijumaa zote tatu umekwenda kazini. Mvua ilikuwa imemwingilia mpaka kwenye unga. Alikasirika, naye akikasirika unamjua. Akakwambia, "Basi radhi zangu usizitazamie." Ukamjibu, "Mama, usiseme hivyo," simu ikakatika. Saa sita mchana ukaanguka.

Kwetu sisi neno hilo mzazi halichezei. Watu hulala njaa, huuza mali, huvuka bahari, ili wasikose radhi za mama. Yeye alilitoa kwa hasira ya unga ulioloa, na kabla hajapata nafasi ya kulirudisha, mwana hayupo. Walipokwisha kukukafini alikuinamia, akakishika kichwa chako juu ya sanda, akarudia, "Nimekuradhi mwanangu, nimekuradhi, nimekuradhi," mpaka shangazi yako akamtoa. Bati lenyewe wenzako wamekwenda kulipigilia wiki ile ile, bila kuambiwa na mtu. Haikumsaidia. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, akapungua mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni.

Na mimi nilikuwa nasikia. Nilikuwa hapo, hatua nne kutoka msala wake, nina neno moja la kumtua mzigo ule, na nikanyamaza. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wewe unalijua, kwa sababu tulikuwa wawili tu. Ilikuwa mwaka wangu wa kwanza, tumeanza kufundishwa kupima presha kwa ile mashine ya kupuliza kwa mkono. Mwalimu alituambia kila mmoja akapime watu kumi nyumbani, aandike kwenye daftari, alete. Nilimpima Mama Kadzo, nikampima shangazi yako, nikampima muuza makaa. Wewe nilikukamata Ijumaa, umetoka msikitini, umekaa kwenye kiti cha plastiki. Nikakufunga kitambaa mkononi, nikaweka mipira masikioni. Nilisikia mapigo yanaanza juu sana, mapema sana. Mia na themanini juu ya mia na kumi.

Nikarudia. Ikawa mia na themanini na nne.

Nikakwambia. Nakumbuka ulivyocheka, kichwa nyuma. "Mke wangu, hiyo mashine imenipima mie au feri?" Ukakunja mkono kunionyesha msuli. Ukasema mtu mgonjwa habebi minyororo ya kufungia makontena kutwa nzima. Na mimi nikacheka na wewe. Hilo si kosa kubwa, kucheka. Mtu anayejifunza hukosea, na nilidhani nimekosea.

Kosa langu lilikuja baadaye, nilipokaa na daftari. Nilifikiri, nikiandika mia na themanini, mwalimu atanisimamisha mbele ya wasichana wa miaka kumi na tisa, aseme huyu mama hata kufunga kitambaa hajui. Tayari walikuwa wananiita Mama Darasa. Niliona aibu. Nikaandika nambari ya kitabuni, ile inayomfurahisha kila mwalimu: mia na ishirini juu ya themanini. Jina lako mbele, nambari ile nyuma. Mwalimu akaweka alama ya vyema kwa wino mwekundu.

Daftari lenyewe ndilo hili ninaloandikia. Kurasa za nyuma zilikuwa tupu.

Miezi minane ikapita. Nilijifunza mengine, nikafaulu, nikajua kupima vizuri kabisa, na sikukupima tena. Ulikuwa ukiumwa kichwa unasema ni jua la yadini. Nikakuletea panadoli. Mimi, niliyekuwa nafundishwa dalili za presha darasani, nikiziandika kwa wino wa bluu na kuzipigia mstari, nikakuletea panadoli na maji.

Daktari wa hospitali aliyejaza ile karatasi ya kifo aliniita ofisini peke yangu. Alisema mshipa umepasuka kichwani, na kwamba hii ni presha ya siku nyingi, si ya asubuhi moja. Nilipotoka, mama yako alikuwa ameketi kwenye benchi, ameshika viatu vyako. Akaniuliza amesemaje. Nikamwambia, "Anasema ni mshipa, Mama. Ghafla tu." Yale maneno mengine nikayameza. Hapo, Baba Maimuna, ndipo nilipomkabidhi mama yako kifo chako akibebe peke yake.

Sitajitetea. Nilijiambia nitamwambia baada ya hitima, halafu baada ya arobaini, halafu eda ikiisha. Niliogopa. Nimebaki na nani? Mama yangu mzazi nilimzika zamani. Mtu pekee wa kuniita "mwanangu" chini ya bati hili alikuwa yeye.

Chuo nacho kilinipigia simu. Mafunzo ya vitendo katika zahanati yanaanza Jumatatu ijayo, na nisipofika nitarudia mwaka. Nilijibu kwa heshima zote kwamba niko edani, na mwanamke wa eda hatoki. Nilisema hivyo na moyo ukapoa. Ukweli ni kwamba ile mashine niliisukuma chini ya kitanda siku ya matanga, na hata nikifagia nilikuwa naizunguka. Eda ilinipa ukuta wa kujificha, na kila aliyenisikia alinisifu kwa uchaji wangu. Shangazi yako alisema wajane wa siku hizi waige kwangu.

Aliyenibomolea ukuta ni mama yako. Mwanzoni mwa wiki hii alivaa buibui lake mapema, akasema anakwenda mahali. Akarudi jasho linamtoka, akakaa, akajipepea kwa mtandio, akasema: "Nimetoka kwa ustadhi. Nimemuuliza. Asema mwanamke wa eda aweza kutoka mchana kwa haja yake, bora asijipambe, na jua lisimtulie nje. Kusoma ni haja. Juma alitaka umalize. Basi Jumatatu ijayo enda, mie n'takaa na mtoto."

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika. Mtu amekwenda kwa miguu, na saumu yake, kuniombea njia, na mimi nikamwambia nani alimtuma. Alinitazama tu. Akavuta ungo akaanza kuchagua mchele, mimi nimesimama mbele yake, na nikaona vidole vyake vilivyokonda vinavyotoa chuya moja moja, na nikaona siwezi. Siwezi kuipokea ile ruhusa kutoka mkono ule.

Nikakaa chini. Nikamwambia, "Mama, Juma alikuwa mgonjwa, na mimi nilijua."

Nilimwambia yote. Kiti cha plastiki, kicheko chako, mia na themanini, daftari, wino mwekundu, na yale aliyosema daktari kuhusu siku nyingi. Nilimwambia, "Si ulimi wako, Mama. Haukuwa ulimi wako hata siku moja." Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu mwingine anayesoma tangazo.

Hakulia. Hakunipigia kelele, nami nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alichagua mchele wote mpaka ukaisha, akaumimina sufuriani, akaukung'uta ungo, akautundika. Kisha akavaa buibui, akachukua kikapu chake, akatoka. Hata kwaheri hakuniaga.

Hapo ndipo nilipojua upweke, mume wangu. Nilipokupoteza wewe nyumba ilijaa watu. Kulikuwa na wapishi, wasomaji, watoto wa watu wanalala mpaka jikoni. Siku tatu alizokuwa kwake hakukuwa na mtu. Maimuna akitoka shule ananiuliza Bibi yuko wapi, namwambia amekwenda kuangalia nyumba yake. Simu nikapiga, haikushikwa. Na kumfuata siwezi. Angekuwa amekwenda safari ya siku mbili ningeelewa, lakini Mtongwe, Juma! Ningekwenda na kurudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango, buibui nimevaa, mara mbili. Yule ustadhi alisema kwa haja, na mimi sikujua kama kuomba msamaha ni haja au ni tamaa yangu ya kutaka moyo utulie. Nikalivua. Nilimtuma Mama Kadzo. Akarudi akasema amemkuta anafagia uwanja, amemkaribisha chai, na ujumbe wake ni mmoja: "Mwambie nimefika."

Basi. Nimefika. Nililichambua neno hilo siku nzima, na halikutoa kitu.

Jana asubuhi, watoto wamekwisha kwenda shule, nikasikia hodi. Sauti nikaijua. Mama yako hajawahi kubisha hodi kwetu tangu tuoane. Huingia akiita jina la Maimuna. Nikaitika karibu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba." Akakaa kwenye mkeka, akaweka kikapu kando.

"Lile daftari n'ione."

Nikamletea. Unajua herufi hizi zetu hajui, yeye alisoma chuo cha Kurani tu, msahafu anaumaliza mwanzo mpaka mwisho. Nikamfungulia ukurasa ule. Akauliza, "Jina la mwanangu ni lipi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole juu ya jina lako akakiacha hapo. Kisha akasema, "Futa hiyo ya uongo."

"Ni wino, Mama, haufutiki."

"Basi andika ya kweli kando yake."

Nikaandika. Sifuri ikatoka kama yai lililobonyea. Akaniambia nisome, nikasoma. Akauliza, "Hadi siku ile ya simu, ilikuwa muda gani?" Nikamwambia miezi minane.

"Miezi minane," akasema. Akalifunga daftari. Kisha akasema, "Umeniacha n'jile mwenyewe nyama yangu, nawe waniangalia."

Nilisema ndiyo. Nilimwomba msamaha, nikiwa nimeinamisha uso mpaka kwenye mkeka, na hakuniambia nimekusamehe, wala hakuniambia sikusamehi. Alikaa. Nilisikia bomba la jirani linajaza ndoo, likajaza nyingine. Halafu nikasikia anahangaika na nguo, nikainua uso. Alikuwa anapandisha mkono wa gauni lake juu ya kiwiko.

"Nipime," akasema. "Wala usinipunguzie."

Nilikwenda chini ya kitanda. Mashine ilikuwa na vumbi. Nikaifuta kwa leso yangu, nikamfunga kitambaa kwenye mkono ule mwembamba, ikabidi nikizungushe zaidi. Nikapuliza. Mwanzoni kimya. Nikaachia upepo polepole, na mapigo yakaanza juu sana, mapema sana, Juma, kama yale yale. Mia na sabini na nane juu ya mia na nne.

Nitakwambia ukweli, kwa kuwa wewe ndiye pekee niliyebaki naye wa kuambia ukweli bila kutetemeka. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba nimekosea. Hukufunga vizuri, nikajiambia. Ametembea juani. Amekasirika. Mpe ndogo kidogo, ametoka kufiwa, atahofu, atakufa kwa hofu. Nilisikia kabisa ulimi unaandaa nambari nyingine. Nikasubiri dakika tano, nikarudia. Ikapungua mbili tu.

Nikamwambia zote mbili kama zilivyo.

"Ndiyo nyingi hiyo?"

"Nyingi, Mama."

Akashusha mkono wa gauni. "Basi vaa. Wanipeleka."

Nikamkumbusha kwamba niko edani. Alikuwa amekwisha simama, anatafuta kiatu kwa mguu. Akasema, "Ni mchana. Na haja ndiyo mie."

Tulitoka. Jua lilinipiga usoni nikasimama nishike ukuta. Mama Kadzo alikuwa anaanika nguo, akatuona, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema lolote. Nikataka kumshika mama yako mkono kwenye lile shimo la njia ya zahanati. "Usinishike, mie si mgonjwa bado," akasema, akatangulia mbele. Nikamfuata nyuma yake njia nzima. Zahanati walimpima tena, wakapata kama nilivyopata, wakamwandikia vidonge vya kila siku na tarehe ya kurudi. Nesi akamuuliza nani aliyegundua, maana mwenyewe anasema haumwi popote. Mama yako alitazama ukutani kidogo, kisha akasema, "Mkwe wangu huyu. Yuwasomea."

Alasiri alisali hapa nyumbani. Alipokunja msala nilikaza masikio. Hakusema juu ya ulimi wake. Aliketi tu, akavuta pumzi, akamwita Maimuna amsukie ukindu. Amelala hapa jana, na leo asubuhi amemeza kidonge chake mbele yangu, amekitoa ulimi nje kunionyesha kwamba hakukificha. Mimi hajanisemesha zaidi ya linalohitajika. Pengine atanipa radhi zake siku moja, pengine hatanipa. Sitamuuliza tena. Nitamchemshia maji ya kuoga, nitampunguzia chumvi kwenye mchuzi, na nitanyamaza akininunia.

Jumatatu nakwenda zahanati. Nitavaa ile sare uliyoninunulia, ambayo kiunoni sasa inaniogelea. Watanipa watu wa kupima, na wengi wao watakuwa wanaume wa kazi kama wewe, wenye mikono migumu, wenye mzaha, waliokuja kwa sababu mke amewasukuma. Nakuahidi hili, Juma, na sikuahidi kingine kwa kuwa ndilo pekee ninaloliweza: kila mkono nitakaoushika, nambari nitakayoiona ndiyo nitakayoiandika, na ndiyo nitakayomwambia mwenyewe, hata akinicheka, hata mwalimu akinisimamisha mbele ya watu. Sitacheka naye mpaka awe amepata dawa.

Nalifunga daftari sasa, jua linaelekea kutua na Maimuna anataka nimsikilize akisoma. Lala, baba wa mwanangu. Radhi za mama yako ulipewa mara tatu mbele ya watu, nami nilizisikia, kwa hizo usiwe na wasiwasi. Zilizobaki ni zako kwangu. Kwetu mke huziomba kwa mumewe angali hai, akamjibu, ikaisha. Mimi nimechelewa. Naziomba leo, hapa kwenye ukurasa wa mwisho, na sijui nitajuaje kama umenipa.

Mkeo,
Mwanasiti